Kurudisha Figo Mahali Pake

Sehemu kubwa ya upasuaji wa matundu madogo ni kazi ya kuondoa. Kidole tumbo kinakatwa na kutolewa. Kifuko cha nyongo kinabanduliwa kwenye ini na kuvutwa nje kupitia kitovuni. Uvimbe unatiwa ndani ya kimfuko cha plastiki ili usiguse chochote wakati wa kutoka. Daktari akimaliza anaweza kuwaonyesha ndugu wa mgonjwa kile kilichokuwa kikimsumbua mtu wao, kikiwa ndani ya kopo. Lakini upo upasuaji mmoja wa aina hii ambao mwisho wake hakuna cha kuonyesha. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke kijana na mwembamba, anaingia na mafigo mawili na kutoka na mafigo yaleyale mawili. Kilichobadilika ni kwamba moja kati ya hayo, na kwa kawaida ni la kulia, lilikuwa likiteremka kila anaposimama, na sasa limeshonwa likatulia.

Figo la mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12 na uzito wa gramu 150 hivi. Halina kano ngumu za kulifunga mahali pake. Linashikiliwa na mafuta yanayolizunguka, na utando mwembamba unaoyafunika mafuta hayo, na mishipa yake ya damu, na msukumo wa viungo vingine vya tumboni. Kwa hiyo hata figo zima hucheza: mtu akivuta pumzi ndefu linashuka sentimita mbili tatu, akiitoa linapanda. Hilo si ugonjwa. Madaktari huanza kulitilia shaka pale mtu anaposimama likateremka zaidi ya sentimita 5, au kimo cha pingili mbili za uti wa mgongo. Wapo ambao figo hufika hadi kwenye nyonga. Likishuka kiasi hicho, ureta, yaani mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu, unaweza kujikunja, na mshipa mkuu wa damu unaoingia kwenye figo ukavutika na kuwa mwembamba. Mkojo unakwama, damu inapungua, ubavu unauma. Mgonjwa akilala, maumivu yanakwisha.

Hapo kwenye kulala ndipo wagonjwa wengi walipopotelea. Daktari humpima mtu akiwa amelala kitandani. Picha anapigwa amelala, altrasaundi anafanyiwa amelala, na figo nalo wakati huo limelala mahali pake halina kosa lolote. Majibu yanarudi safi. Mwanamke anaambiwa hana kitu, anavaa viatu, anasimama, na kabla hajafika getini ubavu umeanza tena.

Mwaka 1864 Józef Dietl, daktari wa Kraków ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa mji huo, aliandika kuhusu figo linalohama na kubanwa, na jinsi mtu anavyoshikwa ghafla na maumivu makali ya ubavu, kichefuchefu, kutapika na kutetemeka kwa baridi. Hadi leo mashambulizi hayo yanaitwa kwa jina lake. Wapasuaji walipoanza kushughulika na tatizo lenyewe, mwanzo wao haukuwa wa kujivunia. Gustav Simon wa Heidelberg alikuwa ameonyesha mwaka 1869 kwamba binadamu anaweza kuishi na figo moja, na kabla ya muongo uliofuata kwisha walikuwapo waliolitoa kabisa figo linaloteremka, ingawa lilikuwa zima. Eugen Hahn wa Berlin ndiye aliyefikiri kinyume. Mwaka 1881 alipasua kiunoni, akalifikia figo, na badala ya kulitoa akayashona mafuta yanayolizunguka kwenye nyama ya ukuta wa mwili. Wazo lilikuwa jema, mshono ulikuwa dhaifu, kwa sababu mafuta hayashiki uzi. Waliomfuata wakaanza kushona ganda la figo lenyewe. Wengine wakapitisha nyuzi katikati ya nyama yake, wengine wakalitundika kwenye ubavu wa mwisho, wengine wakasokomeza bandeji chini yake ili kovu limee na kulishikilia. Haukupita muda mrefu njia zilizoandikwa kwenye majarida zikapita mia moja, na fundi yeyote anajua maana yake: kazi ikiwa na njia mia moja, basi hakuna hata moja iliyowaridhisha watu.

Kibaya zaidi, walishona watu wasiohitaji. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, figo linaloteremka lilibebeshwa lawama za kila aina: kukosa usingizi, tumbo lisilosaga chakula, huzuni, hata wazimu. Huko Lyon, Frantz Glénard alifundisha kwamba viungo vyote vya tumbo vinaweza kuporomoka, na mikanda ya kuvishikilia ikauzwa sana. Ukweli ni kwamba watu wengi ambao figo lao huteremka hawasikii lolote maisha yao yote. Mwanamke mwenye huzuni akishonwa figo anabaki na huzuni yake, na kovu refu kiunoni juu yake. Kufikia katikati ya karne ya 20 upasuaji huu ulikuwa umedharaulika kiasi kwamba mpasuaji anayejiheshimu aliona haya kuutaja.

Mimi naona dharau ile ilikuwa ya haki, na naona pia kwamba ndiyo iliyouokoa ufundi wenyewe. Iliwalazimisha waliobaki nao watafute ushahidi kabla ya kushika kisu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imepatikana dawa ya kuchoma kwenye mshipa ambayo huufanya mkojo uonekane kwenye eksirei, na basi mgonjwa akaweza kupigwa picha mara mbili, amelala na amesimama, zikawekwa pamoja. Baadaye vikaja vipimo vya mionzi vinavyoonyesha figo linafanya kazi kiasi gani katika kila mkao, na altrasaundi inayopima mwendo wa damu. Siku hizi daktari makini hataki kusikia tu kwamba figo limeshuka. Anataka kuona kwamba likishuka mkojo unakwama au damu inapungua kwa kiasi kinachopimika, na kwamba maumivu ya mgonjwa yanakwenda sambamba na hilo, yanakuja akisimama na kuondoka akilala. Asipoyaona hayo anamwacha mtu na figo lake. Wengi wanaokwenda kwake huachwa, na kwa macho yangu hiyo ni sehemu ya ufundi sawa na mshono wenyewe.

Wale wachache wanaobaki, mkato mrefu wa zamani hawaukuti tena. Tarehe 25 Juni 1990, huko St. Louis nchini Marekani, Ralph Clayman na wenzake walitoa figo lenye uvimbe kwa mama wa miaka 85 kupitia matundu madogo, kazi iliyochukua karibu saa saba. Miaka mitatu baadaye kundi hilohilo la St. Louis likatoa taarifa ya figo lililoshonwa kwa njia hiyo. Kuondoa walijifunza kwanza, kushona baadaye, na mpangilio huo haushangazi mtu aliyewahi kutazama kazi yenyewe. Madaktari huzirekodi kazi hizi kwa kamera ileile iliyomo tumboni ili kufundishana, na hata asiye daktari akizitazama kwa subira anaona palipo rahisi na palipo pagumu.

Huanza na sindano. Iliyo maarufu ina jina la János Veress, daktari wa Hungaria aliyekuwa akitibu kifua kikuu katika miaka ya 1930. Wakati huo pafu bovu lilipumzishwa kwa kuingiza hewa kati yake na ukuta wa kifua, na hatari ilikuwa kulitoboa pafu lenyewe. Veress akaweka ndani ya sindano kali kijiti butu chenye springi. Ncha ikikutana na nyama ngumu, kijiti kinarudi nyuma na makali yanafanya kazi. Ikitokeza kwenye nafasi tupu, springi inakisukuma kijiti mbele na makali yanafichika papo hapo. Mpasuaji wa tumbo anaisikia ikilia kidogo inapopenya tabaka moja, kisha jingine. Halafu anadondosha tone la maji ya chumvi kwenye mdomo wa sindano. Tone likinywewa, yuko ndani. Likikaa juu, hajafika, au amefika pasipotakiwa.

Tumbo linajazwa hewa ya ukaa, kwa kuwa haishiki moto, na inayobaki mwilini huyeyuka kwenye damu na kutolewa kwa pumzi. Shinikizo linawekwa kati ya milimita 12 na 15 za zebaki. Kisha matundu matatu au manne, madogo kabisa milimita 5, makubwa milimita 10 au 12. Kwa figo la kulia mgonjwa analazwa ubavu wa kushoto. Kwenye skrini linaonekana ini, na chini yake utumbo mpana umelala juu ya kile kinachotafutwa.

Pembeni mwa utumbo huo kuna mstari mweupe, hafifu, ambao Carl Toldt, mtaalamu wa maumbile ya mwili wa Austria, aliuachia jina lake. Anayeujua anakata juu yake na damu haitoki kwa maana ya kutoka. Utumbo unalegea, unaangukia upande wa pili kwa uzito wake, na njia imefunguka. Milimita chache nje ya mstari huo kazi inageuka kuwa ya kufuta damu na kutafuta njia. Nadhani hakuna sehemu inayomtofautisha mzoefu na anayejifunza upesi kama hii: mzoefu anaonekana kana kwamba hafanyi kitu.

Kisha kunakuja kusafisha, na hapa ndipo filamu inapochosha, na ndipo pa kutazama sana. Mafuta yote ya nyuma na ya pembeni mwa figo yanaondolewa hadi ganda libaki tupu, la rangi ya hudhurungi, linang'aa. Nyuma yake misuli ya kiuno nayo inasafishwa hadi utando wake mweupe uonekane. Haraka haisaidii. Nyuzi hazishonwi ili zilibebe figo milele. Zinalishikilia kwa majuma kadhaa tu mpaka kovu limee na kuchukua kazi, na kovu la maana humea pale nyama tupu inapogusana na nyama tupu. Mafuta yakibaki katikati, hata mshono mzuri umeshonwa juu ya utelezi. Kosa la Hahn la 1881 linarekebishwa hapa, kwa kukwangua polepole, sentimita baada ya sentimita.

Baada ya hapo kitanda kinainamishwa kichwa chini. Ni hatua ndogo, na naipenda kuliko zote. Figo ambalo miaka yote limekuwa likiteremka kwa uzito wake sasa linateleza kuelekea kwenye ini kwa uzito uleule, bila kuvutwa na koleo. Mpasuaji analiacha likae, analitazama, analishusha kidogo. Akilishona juu mno ureta inaweza kujikunja upya, au mishipa ya damu ikavutika kwa upande mwingine, na mgonjwa atakuwa amebadilishiwa maumivu tu. Kwa hiyo anahakikisha ureta inashuka bila kona na mishipa imelegea, ndipo anaomba sindano na uzi.

Vyombo vya upasuaji huu ni virefu na vinapita kwenye tundu lisilosogea, kwa hiyo vinafanya kazi kama kasia kwenye kishwara: mkono ukienda kulia ncha inakwenda kushoto, mkono ukishuka ncha inapanda. Macho nayo hayatazami mikono, yanatazama skrini, ambayo mara nyingi haina kina. Kidole hakigusi kitu, na kinachomfikia mpasuaji kutoka upande wa pili wa chuma ni mtetemo hafifu tu. Katika hali hiyo anatakiwa kupitisha sindano iliyopinda kwenye kitu kinachopumua. Mashine ya usingizi inajaza mapafu, figo linashuka, inayaachia, linapanda. Wazoefu hawashindani nalo. Wanasubiri sekunde ile ambayo limetua kabla ya kugeuka, na sindano inaingia hapo.

Inaingia kwanza kwenye utando wa msuli ulio nyuma. Hapo kuna neva zinazopita kuelekea kwenye kinena na paja, nyembamba, nyeupe juu ya weupe. Kuishona mojawapo kwa bahati mbaya ni kumpa mgonjwa ganzi au maumivu ya kuchoma kwenye paja, huku figo limetulia vizuri kabisa. Ndiyo maana filamu nyingi zinaonyesha mpasuaji akisimama hapo, akisogeza kamera karibu, akipangusa, akitazama tena. Kisha sindano inakwenda kwenye ganda la figo. Ganda lenyewe ni jembamba mno. Ukilishika juu juu, uzi unalichana. Ukizama, unaingia kwenye kiungo ambacho pamoja na mwenzake hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, zaidi ya lita moja kila dakika. Inayotakiwa ni njia ya katikati, na inapatikana kwa kuzungusha kifundo cha mkono ili sindano ifuate mpindo wake yenyewe. Anayeisukuma moja kwa moja anachana kila mara.

Fundo nalo lina heshima yake. Uzi unazungushwa mara mbili kwenye ncha ya koleo, ncha inashika mkia wa uzi, pande mbili zinavutwa. Mara ya pili unazungushwa kinyume, ili fundo lisiteleze. Jinsi ya kujua umevuta vya kutosha ni kuangalia rangi. Ganda na msuli vikigusana, basi. Ukiona ganda limepauka chini ya uzi umeshakaza mno, na nyama iliyonyongwa hufa na kuachia. Mshono wa kwanza huwekwa karibu na ncha ya juu ya figo, na kwa kawaida inafuata mingine kushuka chini, yote mitatu hadi mitano, ya uzi usioyeyuka. Wapo wanaobana mwisho wa uzi kwa vibanio badala ya kufunga fundo, wapo wanaotumia wavu, wapo wanaofanya kazi kwa mikono ya roboti ambayo ncha zake hupinda na kumwondolea mtu tabu ya kushona kinyume. Siwalaumu. Ila anayeweza kufunga fundo kwa vyuma viwili vilivyonyooka, huyo namvulia kofia.

Kabla ya kutoka anapunguza hewa na kungoja. Shinikizo la tumboni huzibana vena ndogo zisivuje, kwa hiyo tumbo linaloonekana kavu huenda si kavu. Hewa ikipungua, kilichojificha kinajitokeza, na bado kuna nafasi ya kukishughulikia.

Kuna njia nyingine inayoingia kwa nyuma, kiunoni, bila kugusa utumbo hata kidogo. Ugumu wake ulikuwa kwamba nyuma hakuna uwazi wa kujazwa hewa, kumejaa mafuta na nyama zilizogandamana. Aliyeipatia ufumbuzi alikuwa Durga Gaur wa Bombay, mwaka 1992, kwa vitu ambavyo kila chumba cha upasuaji kilikuwa navyo: glovu ya mpira na mrija wa mpira. Alikata kidole cha glovu, akakifunga kwenye ncha ya mrija, akakipenyeza kupitia tundu dogo kiunoni na kukijaza. Kidole kikavimba na kuyatenganisha mafuta na misuli taratibu, bila kukata, kikaacha nafasi ya kufanyia kazi. Baadaye viwanda vilitengeneza mipira maalumu ya bei kubwa inayofanya kazi hiyohiyo. Kwa figo linaloteremka njia hii inafaa sana, kwa sababu inamfikisha mtu moja kwa moja kwenye msuli anaotaka kuushonea.

Katika enzi ya kupasua kiuno kizima mgonjwa alilazwa kwa majuma, mara nyingine miguu ya kitanda ikiwa imeinuliwa kwa matofali. Wa leo anaamka baada ya siku chache na kukatazwa kubeba vitu vizito kwa majuma kadhaa, kovu likimea. Baadaye anaitwa kwa picha, na mpiga picha anakumbushwa kwa maandishi kwamba mgonjwa huyu asimame.

Ujuzi wote huo unaanzia kwenye sanduku. Kurt Semm wa Kiel, ambaye mwaka 1980 alikuwa wa kwanza kutoa kidole tumbo chote kwa matundu madogo, na ambaye inasimuliwa kwamba wenzake walimtaka akapimwe ubongo kwa kushikilia njia hiyo, alibuni pia sanduku la mazoezi ili watu wajifunzie nje ya mwili wa mtu. Siku hizi wanafunzi hujitengenezea lao kwa kontena la plastiki, taa ndogo na simu ya mkononi. Huko Marekani kuna mtihani wenye majaribio matano ya aina hiyo, na la mwisho ni kushona na kufunga fundo ndani ya sanduku. Kinachoshonwa ni kipande cha mrija laini wa mpira chenye mkato na nukta mbili zilizowekwa alama. Sindano ipite kwenye nukta zote mbili, mkato ufunge, fundo lisiteleze, na saa inahesabu. Mrija umeshikizwa kidogo tu kwenye kitako chake. Mtahiniwa akiuvuta kwa nguvu ukabanduka, anapata sifuri, hata kama fundo lake ni zuri.